Kambo, weka kijiko chini: mtoto mchanga hahitaji maji
Mwezi wa kumi Lubumbashi, kabla mvua haijashika, joto la komini ya Katuba linakausha midomo ya kila mtu. Kambo, yaani bibi wa mtoto, anachukua kijiko: «Mumupe maji, mtoto ana kiu!» Nia ni njema, ila kiu hiyo ina dawa yake tayari.

Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87. Joto likizidi, mtoto ananyonya mara nyingi zaidi, na kiu inakatika hapo hapo. Wa kupewa maji ni mama. Tumbo la mtoto ni dogo: likijaa maji, ananyonya kidogo, na titi lisiponyonywa linapunguza kutengeneza maziwa. Kisha utasikia watu wakisema mama hana maziwa! Tena maji ya kisima au ya bidoni yanaweza kumharisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Dawa aliyoandikiwa haikatazwi. Baada ya wiki ya kwanza, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo wa rangi nyepesi, anapata maji ya kutosha. Akiwa na homa, au mkojo ukipungua, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.