Mawimbi ya Ziwa Tanganyika: Kina Hakizai Wimbi

Msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini, ukianza, kati ya Mei na Septemba, sisi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ofisini hapa Kigoma tunapokea malalamiko ya aina mbili. La kwanza: mmetoa angalizo, tumekwenda kuvua na tumerudi salama, mnatutia hasara bure. La pili ni zito zaidi: katikati ya ziwa palivumilika, mtumbwi ukaja kupinduka karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, watu wakiona kwa macho yao. Juu ya hayo kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, usio na tarehe wala jina la aliyeutoa, unaodai kwamba kwa kuwa ziwa letu lina kina cha mita 1,470, mawimbi hujikusanya chini huko yakisubiri kupanda. Hapana. Kina hakizai wimbi.

Wimbi la ziwani huzaliwa na upepo. Ukubwa wake hutegemea kasi ya upepo, muda uliovuma, na umbali ambao umepita juu ya maji bila kizuizi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Ziwa hili lina urefu wa takriban kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 tu. Upepo unaokatiza kutoka Kongo kuja Ujiji hauna maji mengi ya kukimbilia. Kusi hulifuata ziwa kwa urefu wake tangu upande wa Kasanga, kusini kabisa, kwa hiyo wimbi laweza kufika kwetu likiwa limekomaa hata siku ambayo upepo wa hapa unaonekana wa kawaida.

Maji yenyewe hayasafiri na wimbi. Tazama boya la wavu: linapanda, linasogea mbele kidogo, linashuka, linarudi nyuma, karibu palepale. Kinachosafiri ni nguvu. Mzunguko huo hupungua haraka kadiri unavyoshuka, na kwenye kina cha nusu ya urefu wa wimbi, tukipima kutoka kilele hadi kilele, unakuwa karibu umekwisha. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 5 yana urefu wa mita 39 hivi na hukimbia takriban kilomita 28 kwa saa. Chini ya mita 20 hayasikiki. Kwa wimbi hilo, mita 50 na mita 1,470 ni mamoja.

Balaa huanza wimbi linapoigusa sakafu ya ziwa. La mbele hupunguza mwendo, la nyuma hulikaribia, urefu unafupika na kimo kinapanda. Kimo kikizidi kidogo robo tatu ya kina, wimbi huvunjika. La mita 1.5 huvunjika penye maji ya mita 2 hivi. Ni hapohapo ambapo injini imeshapunguzwa, abiria wamesimama wote kushika mizigo, na mtumbwi umeligeuzia wimbi ubavu. Kwenye mdomo wa Malagarasi ni vibaya zaidi, kwa sababu mkondo wa mto hukutana na wimbi uso kwa uso na kulisimamisha wima. Upande wa Gombe, penye miamba na kina cha ghafla, wimbi hugonga na kurudi, likajumlishwa na linalokuja.

Na tsunami? Ile ya 26 Desemba 2004 ilitokana na tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra, si upepo. Urefu wake ulikuwa mamia ya kilomita, hivyo hata bahari ya mita 4,000 kwake ilikuwa maji mafupi, na ilikimbia takriban kilomita 700 kwa saa. Isichanganywe na kusi.

Sasa taarifa zetu. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Angalizo si katazo. Kuzuia chombo kisiondoke ni kazi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na wasimamizi wa bandari, na barua za kulalamikia chombo kuzuiwa zielekezwe huko, si kwetu. Tunapoandika mawimbi ya mita 2, maana yake ni wastani wa kimo cha ile theluthi moja ya mawimbi iliyo kubwa kuliko mengine yote. Wimbi mojamoja laweza kukaribia mara mbili ya hapo. Aliyerudi salama hakukutana nalo, basi. Hilo halifanyi utabiri kuwa uongo, na tumelieleza mara nyingi.

Kuhusu ule ujumbe: chini ya Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Namba 2 ya mwaka 2019, mwenye dhamana ya kutoa tahadhari za hali mbaya ya hewa ni Mamlaka. Anayetunga yake na kuisambaza anatenda kosa, na kusema "nimetumiwa tu" si utetezi wa kutegemea. Taarifa halali huonyesha tarehe ya kutolewa, muda itakaotumika na maeneo yanayohusika. Ikikosa kimojawapo, usiitume mbele. Piga simu kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nawe kabla ya kushusha mtumbwi majini.