Pengo la pesa za Uswisi halikuwa deni lililokataliwa kulipwa

Wengi wakisikia kwamba Uingereza ilitarajia pauni zaidi ya bilioni 3 kutoka Uswisi mwaka wa fedha 2013/14, kodi ya pesa ambazo wakazi wake walizificha katika benki za huko, ikaambulia sehemu ndogo tu, husema Waswisi walikataa kulipa. Sivyo. Hakukuwa na deni la kiasi hicho. Yalikuwa makadirio ya pesa ambazo hakuna mtu London aliyewahi kuziona.

Mkataba wa nchi hizo mbili kuhusu kodi hiyo ulitiwa saini Oktoba 2011, ukaanza kutumika Januari 2013. Mwenye akaunti alipewa njia mbili: ajitaje kwa mamlaka ya kodi ya Uingereza, au jina lake lifichwe na benki imkate mara moja kati ya asilimia 21 na 41 ya pesa zake. Waswisi walitanguliza faranga milioni 500 kama dhamana, na hizo walizilipa.

Tatizo lilikuwa kwenye tarehe. Makato yaliwahusu waliokuwa na akaunti mwisho wa 2010 na bado wanazo Mei 31, 2013. Hebu fikiria: mtu aliyeficha pesa miaka mingi unamtangazia siku ya kukatwa, karibu miezi 20 kabla! Aliyetaka kuhamisha alikuwa na muda wa kutosha kabisa. Halafu wapo wakazi wa Uingereza ambao kisheria makao yao ya kudumu yako nchi nyingine. Wengi wao waliweza kukwepa makato hayo kihalali.

Mwaka 2017 mpango huo ulifutwa, nafasi yake ikachukuliwa na ubadilishanaji wa taarifa za akaunti, majina yakiwemo.