Kuhakiki sahihi nyingi za kidijitali kwa mkupuo

Kila ninapokagua programu inayohakiki sahihi za kidijitali kwa mkupuo, jambo la kwanza ninalolitafuta ni namba nasibu, kwa sababu zikikosekana hizo, kasi iliyopatikana haina thamani yoyote.

Katika Ed25519, mfumo mmojawapo wa sahihi za kidijitali unaotumia nukta za mkunjo wa kihesabu, sahihi ni jozi ya nukta R na namba s, nayo hukubaliwa iwapo sB = R + hA. Hapa B ni nukta ya msingi inayojulikana na wote, A ni ufunguo wa umma wa mwenye sahihi, na h ni namba itokanayo na R, A na ujumbe wenyewe. Kwa kuwa milinganyo hii hujumlishika, sahihi 64 zinaweza kupimwa kwa mlinganyo mmoja, na hatua za kuzidisha nukta maradufu, ambazo ndizo zinazokula muda, zikafanywa mara moja kwa niaba ya zote. Waliobuni Ed25519 walipima mwaka 2011: sahihi moja peke yake ilihitaji mizunguko 273,364 ya kichakato, lakini ndani ya mkupuo wa 64 kila moja ilihitaji chini ya 134,000.

Hatari iko kwenye kujumlisha kavukavu. Mhalifu akiongeza 5 kwenye s ya sahihi moja halali na kupunguza 5 kwenye nyingine, zote mbili zinakuwa batili ilhali jumla haijabadilika. Baya zaidi, anaweza kughushi sahihi ya mtu ambaye ufunguo wake wa siri hajawahi kuuona, akiiambatanisha na sahihi ya ufunguo wake mwenyewe ambayo R yake imetengenezwa makusudi ili ifute hA ya mwathiriwa. Kwa hiyo kila mlinganyo huzidishwa kwanza kwa namba nasibu yake ya biti 128, inayochaguliwa baada ya sahihi zote kupokelewa, ili mghushi asiweze kuikisia.

ECDSA ya kawaida, mfumo mwingine wa sahihi za kidijitali, haikubali njia hii kwa urahisi, kwani huhifadhi sehemu tu ya R.

Mkupuo ukikataliwa, hatujui mkosaji ni nani. Tunaugawa nusu kwa nusu hadi apatikane. Ndiyo maana siipendekezi njia hii kwenye lango lililo wazi kwa yeyote, ambako mshambuliaji anaweza kupenyeza sahihi batili moja katika kila mkupuo na kuifuta faida yote.