Mchoraji wa vita hakuwa na turubai

Wengi hudhani kwamba ukiigiza, katika maonyesho ya kihistoria, mchoraji wa gazeti wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), sharti uwe na turubai, brashi na rangi za mafuta. Wapi! Tazama picha ya Alfred Waud, mchoraji wa gazeti la Harper's Weekly, iliyopigwa kwenye uwanja wa vita wa Gettysburg Julai 1863: kakaa juu ya mwamba, karatasi zake mapajani. Kazi ilikuwa ya penseli, na rangi nyeupe kidogo penye mwanga. Alichora chapuchapu, akiwaandikia maelezo mafundi wa New York, ambao ndio waliochonga picha kwenye mbao ili ichapwe. Kwa hiyo mchoro nadhifu mno ndio utakaokuumbua. Farasi ambaye mchoro wake umeishia kiunoni ni sawa kabisa.