Kufundisha theolojia si kuacha upadre

Padre wa Anglikana akitoka parokiani kwenda kufundisha chuoni, mitaa ya Dar es Salaam husema "ameacha upadre". Sivyo. Upadre hutolewa na askofu kwa kuwekea mikono, baada ya kipindi cha ushemasi (daraja lililo chini ya upadre) ambacho kwa kawaida hakipungui mwaka, na upadre haufutiki kwa kubadili kituo cha kazi. Kinachobadilika ni leseni, yaani ruhusa ya askofu ya kuhudumu. Akihamia, tuseme, Chuo cha Mtakatifu Filipo, Kongwa, anahitaji ruhusa ya askofu wa huko ndipo aadhimishe Ekaristi, yaani Meza ya Bwana. Barua ya ruhusa hiyo ikichelewa, anakaa benchi kama muumini mwingine, na uvumi unapata miguu. Kosa la upande wa pili ni zito zaidi: shahada ya theolojia, hata ya uzamivu, haimfanyi mtu padre.