Pistoni ya Yamaha 40: pima silinda mbele ya kuuliza bei

Kila wiki kuna mtu ananiandikia kwa WhatsApp: "Yaya, pistoni ya Yamaha 40 iko bei gani?" Namujibu, ya namba gani? Hapo ananyamaza, ao ananitumia foto ya motere mzima na kapo yake (kifuniko) juu. Foto ya kapo hainisaidii kitu. Pistoni hainunuliwi kwa jina la motere, inanunuliwa kwa kipimo cha silinda, na kipimo cha silinda yako hakuna anayekijua, hata yule muuzaji wa Birere, hapa Goma, aliyezeekea dukani, mpaka motere ifunguliwe, silinda ioshwe na ipimwe. Njo maana naandika hii yote mara moja, nikiulizwa tena natuma link basi.

Nazungumzia motere za boti za hapa ziwani Kivu, zile Yamaha Enduro za detan (mipigo miwili, two-stroke), zinazochanganyiwa uile (mafuta ya kulainisha) ndani ya esanse. Ukishuka bandari ya Kituku asubuhi utaziona nyuma ya boti zinazoenda Idjwi, Minova, Kalehe, na zile ndogo nyuma ya mitumbwi ya kuvua sambaza. Ile 40X ina silinda mbili, cc 703, alezaje (upana wa ndani ya silinda) ya mm 80 na pistoni inatembea mm 70. Ile ya 15 ni cc 246, mm 56 kwa mm 50. Lakini mm 80 na mm 56 ni za silinda mpya kutoka kiwandani, na motere nyingi za hapa ziliachana na hizo namba zamani sana, zimepanuliwa mara moja, mara mbili, boti imeuzwa, mwenye boti amebadilika, na hakuna aliyeandika popote.

Kitu cha kwanza, ile pistoni iliyokufa usiitupe. Mtu analeta motere imefunga, namuuliza pistoni iko wapi, ananiambia watoto wameichukua. Ile ndiyo ilikuwa na habari yote! Kama imekwaruzwa upande mmoja tu, ule wa eshapma (tundu la kutolea moshi), na pengine kote safi, joto lilizidi: mara nyingi ile raba ya pompi ya maji imekatika meno, ao njia za maji zimejaa uchafu. Kama imekwaruzwa pande zote na imekauka, haina hata dalili ya mafuta, hiyo ni uile, mtu alisahau kuchanganya ao aliweka kidogo ili apate faida. Kama ukingo wa juu umeliwaliwa kama panya ametafuna, esanse ilikuwa inagonga, na hapa kwetu mimi nafikiriaka kwanza petroli ya taa (mafuta ya taa) ndani ya bidoni ya kadhafi, yule muuzaji wa esanse wa barabarani, kwa sababu petroli ya taa inashusha okteni (uwezo wa esanse kutogonga), motere inaenda vizuri ukiwa polepole, ukiipa mzigo inajitafuna yenyewe. Shimo katikati ya kichwa, hapo angalia buji (plagi), kuna watu wanaweka buji yoyote ilimradi uzi umeingia. Na kama kichwa kimejaa vidoti vidoti vya kugongwa na kitu kigumu, simama hapo hapo: sindano za rulma (beringi) zimeachana huko chini na zimepita juu. Hiyo motere inataka kufunguliwa mpaka vilbrekeni (krankshafti), pistoni itasubiri.

Kuna kifo kingine ambacho watu wengi hawakijui, na kwa maoni yangu kinaua pistoni mpya nyingi kuliko uile mbaya. Unakuta alama nne, mbili mbele mbili nyuma, pembeni mwa mashimo ya akse (ile pini inayoshika pistoni). Hiyo pistoni ilipata moto haraka kuliko silinda. Aliminiamu ikipata joto inapanuka karibu mara mbili ya fonti (chuma cha silinda), halafu silinda inapozwa na maji ya ziwa yaliyo kwenye digrii 23 ao 24 hivi, wakati pistoni inaoka ndani. Kapita (mwendesha boti) anavuta kamba, motere inawaka, abiria wanapiga kelele kwamba wamechelewa, anafungua gazi yote kuanzia bichi, palepale bandarini. Pistoni imeshapanuka, silinda bado, nafasi inaisha, imekamata. Na mafundi wetu wanazidisha ubaya kwa kutoa termostati, wanasema "huku hakuna baridi, ya kazi gani?" Termostati haihusiani na baridi ya nje, inaacha silinda ipate joto lake la kazi ndiyo maji yapite kwa wingi. Kama motere yako ilitoka kiwandani na termostati, irudishe mbele ya kuweka pistoni mpya, ni kitu kidogo kuliko kurudia kazi yote.

Haya, kupima. Silinda inapimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kufuata akse na kukata akse, kwa hiyo vipimo sita kwa kila silinda. Tofauti ya juu na chini inaonyesha imelika kwa urefu, tofauti ya pande mbili inaonyesha imeacha kuwa duara. Pistoni nayo haipimwi popote unapotaka, ilitengenezwa kwa makusudi ikiwa nyembamba juu na pana chini, na hata ukiizungusha haiko duara kamili. Inapimwa kwenye sketi (sehemu ya chini ya pistoni), upande unaokata akse, juu kidogo ya ukingo wa chini, kwenye Yamaha nyingi ni mm 10 lakini fungua kitabu cha motere yako. Na hapa nakazia: tumia mikrometa kwa pistoni na ile saa ya kupimia ndani kwa silinda. Piakulisi (kalipa) acha. Nafasi kati ya pistoni ya kumimina na silinda kwenye motere kama hizi inachezea kwenye mm 0.05 mpaka 0.10, sasa piakulisi ya sokoni inayosoma hatua za 0.05, kosa lake peke yake limeshakula nafasi yote.

Ukishapata vipimo ndiyo unachagua. Silinda ikiwa bado ndani ya kipimo cha kitabu na ukucha haushiki mstari wowote, unaweka standa (pistoni ya kipimo cha kiwandani), silinda unaipiga honi (kuisugua na mawe ya kunolea) kidogo ili mistari ya kupishana irudi, segma (ringi za pistoni) mpya, imekwisha. Kama ilifunga, usikimbilie kupanua: mara nyingi ile mistari unayoiona siyo chuma kimekatika, ni aliminiamu ya pistoni iliyoganda juu ya fonti. Asidi ya chumvi kidogo kwenye kitambaa inaiyeyusha, fonti haiigusi kwa haraka, ila vaa glavu, fanya nje penye upepo, isiguse bloki ya aliminiamu, na osha vizuri na maji ya sabuni halafu paka uile hapo hapo isishike kutu. Nimeona silinda zilizohukumiwa kupanuliwa mm 0.50 zikabaki standa.

Ikishindikana, kuna pistoni zilizozidi standa kwa mm 0.25 na 0.50, ndizo zinazopatikana kwa kawaida, namba imechongwa juu ya kichwa cha pistoni. Mimi 0.25 naichagua kwa silinda iliyochakaa tu pole pole. Kwa ile iliyofunga vibaya naona 0.25 mara nyingi inabakisha mstari mmoja chini ya eshapma, unalipa kazi ya kuchonga mara mbili, afadhali uende 0.50 moja kwa moja. Kama 0.50 nayo imeshapita, ni kuweka shemize mpya (ile bomba ya fonti ndani ya silinda), na hiyo inataka fundi anayejua, siyo yeyote mwenye mashini ya kuchonga vyuma.

Watu wengine wananiletea video za YouTube, na kusema kweli video nzuri za pistoni za detan nyingi ni za Wamarekani na Wakanada wanaotengeneza zile pikipiki za theluji. Ziangalie, wanafundisha vizuri kusoma pistoni iliyokufa. Ila zile motere siyo zetu. Silinda zao nyingi ni za aliminiamu iliyopakwa Nikasil, nikeli iliyochanganywa na chembe ngumu za karbidi ya silikoni, na hiyo huwezi kuichonga tu ukaweka 0.50, wao wanapeleka silinda ipakwe upya na wanabaki na kipimo kile kile. Sisi tuna shemize ya fonti, tunachonga. Halafu wanasifu sana pistoni ya kufuliwa, Wiseco na zingine. Ni ngumu kweli, ikizidiwa inavimba ao inakwaruzika badala ya kupasuka vipande, lakini inapanuka zaidi kuliko ya kumimina yenye silikoni nyingi, inataka nafasi kubwa zaidi, na inataka upashe motere moto mbele ya kufungua gazi. Kule kwenye digrii chini ya sifuri, anayeondoka bila kusubiri anakamata pistoni kwa zile alama nne nilizosema. Sasa niambie kapita gani wa Kituku atasubiri. Kwa boti ya kazi mimi naweka ya kumimina, ya kiwanda ao ya kampuni inayoeleweka, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Dukani sasa. Box imeandikwa jenuini, sawa, box inachapishwa popote. Beba pistoni ya zamani na uweke mbili pamoja juu ya kioo. Angalia kama shimo la akse liko kwenye urefu ule ule kutoka kichwani, maana ikiwa juu ao chini kidogo umebadilisha kompresheni na umebadilisha saa ya matundu ya silinda kufunguka na kufungwa. Angalia madirisha ya sketi na umbo la kichwa. Sukuma akse kwa kidole na tone la uile, iingie laini, isilazimishwe na isidondoke. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya segma na ya klipsi, vile vinyuzi vya chuma vilivyobaki ndivyo vinavyoenda kushika segma. Na kila mfereji wa segma uwe na pini yake ndogo imesimama imara: kwenye detan segma haitakiwi kuzunguka, ikizunguka ncha yake inaingia kwenye tundu la silinda na inavunjika. Pini ikicheza kwa ncha ya kisu, rudisha box.

Ukiweka mbili, zipime uzito. Usicheke, hapa mizani nzuri siyo shida, nenda kwa mtu wa dhahabu umwombe dakika moja. Gramu chache za tofauti kati ya pistoni mbili zinazodai kuwa pacha zinakuambia mengi kuhusu aliyezitengeneza.

Pistoni ndiyo inatangulia, kuchonga kunafuata. Hili naligombaniaka kila mara. Ukichonga silinda kwa mm 80.50 "kwa sababu pistoni ni ya 0.50" umebahatisha. Peleka pistoni yenyewe kwa fundi, aipime, aongeze nafasi ya kitabu, achonge kufuata hiyo, na uandike na kalamu hii ni ya silinda ya juu, hii ya chini. Akimaliza mwambie aondoe ncha kali kwenye kingo za matundu yote, watu wengi wanasahau, na segma mpya inakatwa siku ya kwanza. Mbele ya kufunga, ingiza segma peke yake ndani ya silinda, isukume na kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake. Kwa alezaje ya mm 80 natarajia karibu mm 0.3 mpaka 0.5. Mwanya sifuri maana yake ncha zitagongana ikipata moto.

Kwenye kufunga, video za theluji zitakuambia mshale uelekee eshapma. Pistoni za Yamaha za boti zina UP, na UP inaangalia juu, upande wa volan (gurudumu zito la juu ya motere). Ukigeuza, zile pini za segma zinahamia mbele ya tundu. Klipsi za akse ni mpya kila mara, hata kama za zamani zinang'aa, na rulma ya sindano ya kichwa cha bieli (mkono wa pistoni) nayo badilisha.

Kuzoesha: saa 10 za kwanza changanya uile mara mbili, 25 kwa 1, yaani kwa bidoni ya lita 20 unaweka gramu, samahani, mililita 800 za uile ya boti yenye alama TCW-3, siyo ile ya pikipiki. Dakika 10 za kwanza polepole kabisa ikiwa kwenye gia, dakika 50 zinazofuata usipite nusu ya gazi, saa ya pili usipite robo tatu, na hizo saa 8 zinazobaki gazi yote isizidi dakika tano mfululizo. Usiifanyie hiyo kazi ikiwa imejaa mifuko ya simiti. Baada ya hapo rudi kwenye 50 kwa 1, mililita 400 kwa bidoni, na toa buji zote mbili uziweke pembeni moja na nyingine: rangi ikitofautiana sana, silinda moja haipati kile mwenzake anapata, safisha karbiratere mbele ya kupakia abiria.