Watangazaji wa mashirika ya umma na siasa mitandaoni: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mtangazaji wa redio au televisheni ya umma akiandika neno la kisiasa mtandaoni, makelele huanza papo hapo. Hawa wanataka afukuzwe leo leo, wale wanasema hakuna mwenye haki ya kumgusa. Ukisikiliza kwa makini, pande zote mbili zinajenga hoja juu ya mambo ambayo si kweli. Nayaandika haya kwa sababu nayathamini mashirika haya. Yanalipiwa na watu wa vyama vyote na wasio na chama, na mtu anayelipa ana haki ya kuamini kwamba habari haikupikwa kwa ajili ya wengine.

"Akaunti ni yake binafsi, kazi haihusiki"

Wengi huandika kwenye wasifu wao kwamba maoni ni yao wenyewe, wakidhani wamejikinga. Mwongozo wa BBC wa Oktoba 2020 uliikata dhana hiyo: machoni mwa umma akaunti binafsi na akaunti ya kazi ni kitu kimoja, na tamko la aina hiyo si kinga. Hata kusambaza andiko la mtu mwingine, au kubonyeza alama ya kulipenda, kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kutoa maoni. Naona ni haki. Wafuasi wengi walimjua mtu huyu kupitia kipindi, na jina analolitumia mtandaoni limejengwa na masafa ya umma.

"Kanuni ni moja kwa kila anayeonekana kwenye skrini"

Hapa ndipo mambo huchanganyika zaidi. Msomaji wa taarifa ya habari, mhojaji wa wanasiasa na mtangazaji wa soka hawabebi mzigo sawa. Wa kwanza akiunga mkono chama, kila swali atakaloliuliza kesho litatiliwa shaka. Wa tatu anazungumzia mabao.

BBC ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Machi 2023, Gary Lineker, aliyekuwa mtangazaji wa Match of the Day, kipindi cha soka cha BBC, aliandika kwenye Twitter akiukosoa mpango wa serikali ya Uingereza kuhusu waomba hifadhi, na akaifananisha lugha iliyotumika na ile ya Ujerumani ya miaka ya 1930. Siku chache baadaye akawekwa kando. Wachambuzi wenzake Ian Wright na Alan Shearer wakakataa kukaa studio bila yeye, na wengine wakafuata. Jumamosi ya Machi 11 kipindi kilirushwa kwa dakika 20 tu: hakukuwa na muziki wa kufungulia, mtangazaji, mchambuzi wala sauti ya kusimulia mechi, ila picha za mabao na kelele za mashabiki. Jumatatu yake mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Tim Davie, aliomba radhi kwa usumbufu uliotokea na kutangaza kwamba Lineker anarudi.

Tatizo halikuwa ukali wa Lineker peke yake. Alikuwa mtu wa mkataba wa kujitegemea, hakuwa wa idara ya habari, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwa uhakika mstari aliouvuka. Ndiyo maana mwongozo uliotoka Septemba mwaka huohuo, baada ya mapitio ya kanuni hizi yaliyofanywa na John Hardie, ukachora mstari kwa watangazaji wa vipindi vikubwa visivyo vya habari. Wanaruhusiwa kusema wanachoamini kuhusu masuala ya nchi, lakini wasipigie debe chama wala kukishambulia, wasimshambulie mwanasiasa kwa hulka yake, wasizungumzie mambo yenye mvutano wa kisiasa wakati wa uchaguzi, na wasiwe wasemaji wa kampeni. Kwangu hilo ni jibu zuri kuliko marufuku ya jumla, kwa kuwa linagusa panapoumiza na kuacha pengine.

Lineker mwenyewe aliondoka BBC Mei 2025, baada ya kusambaza video kuhusu Uzayuni iliyokuwa na kijipicha cha panya, taswira iliyotumiwa kwa miaka mingi kuwatukana Wayahudi. Alisema hakukiona, akaifuta, akaomba radhi. Maneno hayakuwa yake, lakini kidole kilichoyasambaza kilikuwa chake.

"Kutoegemea upande ni kunyamaza, au kugawa nusu kwa nusu"

Sivyo. Mwaka 2018 BBC iliwaambia waandishi wake kwamba wanaporipoti mabadiliko ya tabianchi hawahitaji kumwalika anayekana sayansi ili kusawazisha mizani. Mwaka 2019, baada ya mtangazaji wa BBC Naga Munchetty kupatikana na kosa kwa alivyozungumzia hewani maneno ya Donald Trump ya kuwataka wabunge wanawake wa Marekani warudi walikotoka, mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Tony Hall, aliutengua uamuzi huo na kusema kwamba kwenye ubaguzi wa rangi shirika haliwezi kukaa katikati. Jambo lililothibitishwa si maoni, hata likiwauma wengine.

"Wakilalamika wengi, aondolewe"

Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote. Desemba 2023, ABC, shirika la utangazaji la umma la Australia, ilimpa mwandishi wa habari Antoinette Lattouf kazi ya muda ya siku tano kuendesha kipindi cha asubuhi kwenye redio yake ya Sydney. Tangu siku ya kwanza barua pepe za kutaka aondolewe zilimiminika kwa wakubwa wa shirika, kwa sababu ya msimamo wake kuhusu vita vya Gaza. Akiwa bado kazini alisambaza andiko la shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lililodai kwamba njaa inatumiwa kama silaha ya vita. Taarifa hiyohiyo ABC yenyewe ilikuwa imeiripoti kama habari. Baada ya siku ya tatu akaambiwa asirudi.

Juni 2025 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba aliondolewa kinyume cha sheria, na kwamba maoni yake ya kisiasa yalikuwa miongoni mwa sababu. ABC iliamriwa imlipe fidia ya dola 70,000 za Australia, na Septemba ikaongezwa faini ya dola 150,000. Gharama za shirika kujitetea zilipita dola milioni 2, na hizo ni fedha za umma. Mahakama ilikuta pia kwamba hakuwa amepewa amri ya kutoandika, alishauriwa tu. Tofauti ya ushauri na amri inaonekana ndogo mezani kwa meneja, lakini kwa mtu anayepoteza kazi ndiyo kesi yenyewe.

Kwa hiyo anayesema "uhuru wa maoni, basi" amekosea, kwa sababu mkataba unaweza kuubana uhuru huo. Anayesema "mwajiri ana hiari kamili" naye amekosea.

"Kanuni hizi ni za watangazaji tu"

Zinapaswa kuanzia juu. Richard Sharp, mwenyekiti wa bodi ya BBC wakati wa sakata la Lineker, alikuwa amekichangia chama cha Conservative zaidi ya pauni 400,000 kabla ya kuteuliwa. Alijiuzulu Aprili 2023, baada ya uchunguzi kuhusu nafasi yake katika mpango wa dhamana ya mkopo wa Boris Johnson, waziri mkuu wa zamani, wa hadi pauni 800,000. Ni vigumu kumwambia mtangazaji wa soka achunge kidole chake wakati mwenye kiti cha juu ana historia ya namna hiyo.

"Asiyeandika lolote mtandaoni hana upande"

Ukimya wa akaunti hausemi lolote kuhusu kazi ya mtu. Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza anayesimamia maudhui ya BBC tangu Aprili 2017, hupima kilichorushwa hewani. Andiko la mtangazaji kwenye akaunti yake ni suala kati yake na mwajiri. Msikilizaji mwenye shaka afanye vivyo hivyo: aangalie nani anaalikwa na nani hukatizwa kabla hajamaliza, na ni swali gani haliulizwi kwa upande mmoja. Kisha aandike malalamiko akitaja kipindi, tarehe na dakika. Malalamiko ya aina hiyo shirika linaweza kuyachunguza na kuyajibu kwa hoja.